Umri wa Mwamba Hauaminiwi kwa Kiapo

Mwanafunzi yeyote aliyepita kwenye somo la historia Tanzania anaijua namba hii: Zinjanthropus, bonde la Olduvai, miaka milioni 1.75. Huikariri pamoja na mwaka fuvu lilipopatikana, 1959, na jina la Mary Leakey, akaiandika kwenye mtihani, akapata alama yake, na mambo yakaishia hapo. Ni nadra kuulizwa nani aliyeihesabu miaka hiyo, kwa chombo gani, na angejuaje kama amekosea. Matokeo yake tunalea makundi mawili ya watu wazima. Wapo wanaoimeza namba kwa kuwa imetamkwa na wataalamu, na wapo wanaoicheka kwa kuwa hakuna aliyekuwapo enzi hizo akashuhudia. Ukiwasikiliza utadhani wanapingana, lakini kwa maoni yangu wana kasoro moja: wote wanauchukulia umri wa mwamba kama kauli ya kukubaliwa au kukataliwa, basi. Hoja yangu ni kwamba umri huo unastahili kuaminiwa kwa sababu nyingine kabisa. Unaweza kukamatwa ukikosea, na umeshawahi kukamatwa, tena huku huku kwetu, kando ya Ziwa Turkana.

Tuanze na chombo chenyewe. Potasiamu imo kwenye ndizi, kwenye mbolea na kwenye miamba ya volkano. Katika kila atomu 100,000 za potasiamu, kama 12 hivi ni za aina iitwayo potasiamu-40, ambayo kiini chake hakijatulia. Polepole atomu hizo hugeuka. Nyingi huwa kalsiamu, na karibu 11 katika kila 100 huwa agoni-40, gesi isiyoshikamana na kitu chochote. Inachukua takribani miaka milioni 1,250 kwa nusu ya potasiamu-40 kugeuka. Lava inapokuwa bado uji wa moto, agoni hutoroka hewani. Ikishapoa na fuwele zikajiunda, agoni inayozaliwa ndani ya fuwele haina pa kutokea. Anayetaka kujua mlima ulilipuka lini hupima potasiamu iliyopo na agoni iliyonaswa, na hesabu humpa muda uliopita tangu fuwele ilipojifunga. Ziko jozi nyingine za namna hiyo: urani inayogeuka risasi ndani ya madini ya zirkoni, rubidi inayogeuka strontiamu, samari inayogeuka neodimi. Isotopu hizi, yaani aina za atomu zinazozaliwa na mgeuko huo uitwao mnururisho, ndizo zinazotupa tarehe za volkano, za milima, za Mwezi na za vimondo. Kila jozi ina mwendo wake na kila moja ina udhaifu wake, na hilo la udhaifu ndilo hasa ninalotaka msomaji alikumbuke huko mbele.

Kule Olduvai mifupa yenyewe haikupimwa. Kilichopimwa ni jivu la volkano lililotanda juu na chini ya mifupa. Louis Leakey alikuwa akikisia umri wa kama miaka 600,000. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa vipimo vya agoni: miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio ya mwenye kuchimba. Walipingwa, wakarudia, wengine wakarudia pia. Vipimo vya miaka ya karibuni, vinavyotumia leza kuyeyusha punje moja moja ya fuwele, vimeisogeza namba hiyo kidogo tu na kuifikisha milioni 1.8 na ushei. Wapimaji wenyewe wamekwishahama. Sisi bado tunakariri 1.75.

Lakini kisa cha Olduvai ni chepesi mno kuthibitisha hoja yangu, maana mshindi alionekana mapema. Kisa chenye mafunzo ni cha Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mwaka 1969 mtafiti kijana, Kay Behrensmeyer, alikuta zana za mawe ndani ya tabaka la jivu gumu la rangi ya kijivu, na tabaka hilo likapewa herufi za mwanzo za Kay Behrensmeyer Site: jivu la KBS. Jivu hilo halikudondoka moja kwa moja kutoka angani likatulia. Mito iliyotoka nyanda za juu za Ethiopia ndiyo iliyolibeba, na mto haubagui. Huchukua jivu jipya na mchanga wa mawe ya kale ukavichanganya. Frank Fitch na Jack Miller walilipima nchini Uingereza, na jibu la kwanza likatoka karibu miaka milioni 220. Huo ni wakati wa mijusi wakubwa, ilhali tabaka zile zimejaa mifupa ya tembo na nguruwe. Wakatambua kwamba punje kongwe zimechanganyika na changa, wakaomba sampuli safi zaidi, wakachambua fuwele za feldispa kutoka kwenye vipande vya jiwe povu, na safari hii wakapata milioni 2.6. Namba hiyo ikachapishwa mwaka 1970 ikaonekana imetulia.

Mwaka 1972 Mkenya Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu chini ya tabaka hilo la jivu. Fuvu hilo, lenye namba ya usajili KNM-ER 1470, lilikuwa na ubongo mkubwa kuliko ilivyotarajiwa, na Richard Leakey akalitangaza kuwa na umri wa karibu miaka milioni 2.9. Vitabu vikaanza kuandikwa upya. Waliokuwa hawana raha ni wachunguzi wa nguruwe. Basil Cooke alikuwa amefuatilia jinsi gego la mwisho la nguruwe pori wa Afrika lilivyorefuka kadiri zama zilivyopita, hata likaweza kutumika kama kalenda. Nguruwe waliokuwa chini ya jivu la KBS walifanana na wale wa bonde la Omo, ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia, waliolala katikati ya majivu yenye umri wa miaka karibu milioni 2. Haikuwa na mantiki kwamba mnyama yule yule, kwenye bonde lile lile la ziwa, aliishi upande wa Kenya zaidi ya nusu milioni ya miaka kabla ya kuonekana upande wa pili. Ama nguruwe walikuwa wakidanganya, au saa ya agoni ilikuwa na hitilafu.

Ugomvi uliofuata ulidumu muongo mzima na haukuwa wa adabu sana. Mwaka 1975 Curtis na wenzake wa Berkeley walitoa umri wa milioni 1.82 kwa sampuli moja na 1.60 kwa nyingine. Upande wa Uingereza ukapima tena ukapata 2.42. Ikaletwa saa ya aina tofauti, ile ya makovu: urani iliyomo ndani ya zirkoni mara chache hupasuka yenyewe, kila mpasuko ukaacha mstari mdogo kwenye fuwele, na mistari hiyo huhesabiwa mmoja mmoja kwa hadubini. Hesabu ya kwanza ya makovu, mwaka 1976, iliunga mkono Uingereza kwa milioni 2.44. Mtu aliyekuwa akipenda namba kubwa angeweza kushangilia hapo na kufunga mjadala. Haukufungwa. Andrew Gleadow, mmoja wa walioshiriki hesabu hiyo, alirudi kwenye zirkoni akizingatia zaidi makovu hafifu na namna ya kuyaandaa, na mwaka 1980 akatoa 1.87. Wakati huo huo Ian McDougall, huko Canberra, alipima vipande vipya vya jiwe povu kwa njia mbili za agoni akapata 1.89 na 1.88. Wataalamu wa kemia ya kioo cha volkano nao wakaonyesha kwamba jivu la KBS na mojawapo ya majivu ya Omo ni la mlipuko mmoja. Hata ile 1.60 ya Berkeley ikabainika kuwa ni kosa la vipimo maabarani. Nguruwe walikuwa sahihi.

Mwenye shaka atasema kisa hiki kinamsaidia yeye. Milioni 220, kisha 2.6, kisha 1.60, kisha 1.88: kama si kubahatisha ni nini? Pingamizi hili si la kipuuzi na halistahili kufukuzwa kwa jeuri. Lakini tuangalie lilivyo kosa lenyewe na namna lilivyogunduliwa. Anayebahatisha hawezi kukamatwa, kwa sababu hana kitu cha kulinganishwa nacho. Fitch na Miller walikamatwa kwa sababu walikuwa wamesema jambo mahususi kuhusu tabaka mahususi, na jambo hilo likagongana na meno ya nguruwe, na makovu ya urani, na kemia ya kioo, na mizani ya maabara nyingine kwenye bara jingine. Njia hizo hazina asili moja. Gego la nguruwe halijui lolote kuhusu mwendo wa potasiamu. Ni sawa na mnunuzi wa samaki anayetilia shaka mizani ya muuzaji akaenda kupima kwa jirani asiyejuana naye: mizani mbili zikikubaliana bila kupatana, shaka huisha, zikitofautiana, angalau mmoja wao ana la kujibu. Na njia zote zilipofanyiwa usafi hazikutawanyika huku na huku. Zilikusanyika mahali pamoja, kwenye 1.87 na 1.89. Kubahatisha hakukusanyiki hivyo.

Wapo wenye pingamizi zito zaidi. Wanauliza: tunajuaje kwamba mwendo wa mnururisho wa leo ndio uliokuwapo zamani? Labda potasiamu iligeuka kwa kasi zaidi wakati dunia ikiwa changa, na miaka hiyo yote ni kiini macho. Jibu moja liko Afrika, Oklo nchini Gabon. Mwaka 1972 Wafaransa waliokuwa wakisafisha urani ya huko waligundua kuwa urani-235 imepungua kuliko ile asilimia 0.72 inayokutwa kila mahali duniani. Uchunguzi ulionyesha kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita madini hayo, maji yakiwa yamepenya ndani yake, yaliwaka yenyewe kama tanuri la nyuklia, yakaacha masalia ya mpasuko yale yale yanayoachwa na mitambo ya kisasa. Kanuni zinazotawala kiini cha atomu zingekuwa zimebadilika kwa kiasi cha maana, masalia hayo yasingekuwa hivyo yalivyo. Jibu la pili liko angani. Nyota iliyolipuka na kuonekana mwaka 1987 iko mbali kiasi kwamba nuru yake ilisafiri miaka kama 168,000 kutufikia, na mng'ao wake ulififia kwa mwendo wa kobalti-56 inayopungua nusu kila baada ya siku 77, mwendo ule ule unaopimwa maabarani leo. Kwa hiyo tunauona mnururisho wa kale ukitokea mbele ya macho yetu, na haujabadilika.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji fizikia kulielewa. Mlima Vesuvius ulilipuka mwaka 79 ukaufukia mji wa Pompeii, na Pliny Mdogo aliyeushuhudia aliandika barua juu yake. Mwaka 1997 Paul Renne na wenzake wa Berkeley walipima fuwele za mlipuko huo kwa agoni. Walipata miaka 1,925, wakaongeza kwamba jibu lao linaweza kupungua au kuzidi kwa miaka 94. Kalenda inasema 1,918. Saa iliyotengenezwa kwa ajili ya mamilioni ya miaka ilipelekwa kwenye mtihani ambao jibu lake limeandikwa, nayo ikakosa kwa miaka 7.

Hata hivyo ni lazima kukiri kwamba saa hii inaweza kudanganya, na wanaotaka kuibomoa wana mifano ya kweli. Lava iliyotoka juzi wakati mwingine hutoa umri wa mamia ya maelfu ya miaka, kwa sababu agoni ya zamani ilibaki humo bila kutoroka. Jambo hili halikufichuliwa na wapinzani wa sayansi. Mwaka 1969 Mmarekani Brent Dalrymple alikusanya lava 26 ambazo tarehe zake zinajulikana katika historia, akazipima makusudi ili kuona saa inakosea mara ngapi. Nyingi hazikuwa na agoni ya ziada. Chache zilikuwa nayo, akaziorodhesha hadharani. Tangu hapo mbinu ya agoni kwa agoni, ambapo sampuli hupigwa nutroni kisha kupashwa moto hatua kwa hatua, humwezesha mpimaji kuona kama gesi ya ndani ya fuwele na ile ya pembezoni zinasimulia umri mmoja. Zisipokubaliana, tarehe hukataliwa. Ningemwogopa zaidi mpimaji ambaye hajawahi kuitupa tarehe hata moja.

Msomaji anayehesabu shilingi anaweza kuuliza yote haya yanamsaidia nini. Ningeweza kutaja heliamu inayotafutwa bonde la Rukwa, ambayo ni zao la urani na thori zilizokaa kwenye miamba mikongwe ya Tanzania, lakini mfano mzito zaidi ni wa risasi. Clair Patterson alitaka kujua umri wa Dunia kwa kupima risasi ndani ya vimondo, kikiwamo kimondo cha Arizona, cha chuma kama kile cha Mbozi. Kila alipopima alikuta risasi nyingi kupita kiasi, na tena haikuwa thabiti. Angeweza kuchukua wastani akaendelea na safari. Badala yake aliandama kosa lake hadi akalikuta kwenye vumbi, kwenye rangi ya ukuta, kwenye nywele za wanaoingia maabarani. Alijenga chumba kisafi kuliko vyumba vyote vya wakati wake, na mwaka 1956 akachapisha umri wa miaka bilioni 4.55, ambao haujasogea sana hadi leo. Lakini lile swali la uchafu halikumwacha: risasi yote hii inatoka wapi? Alipima maji ya bahari, akahitimisha kwamba sehemu kubwa inatoka kwenye petroli iliyotiwa risasi na viwandani, akachapisha mwaka 1965 na kupambana na kampuni zilizokuwa zikiitengeneza. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Agosti 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kutoka makao yake makuu Nairobi, lilitangaza kwamba haiuzwi tena popote kwa ajili ya magari. Watoto wa barabara zetu wamenusurika na sumu ya ubongo kwa kuwa mtu mmoja hakukubali namba yake mwenyewe bila kuigombeza.

Kuhusu dini nitasema kwa ufupi, maana najua wapo watakaoifikiria. Kipimo cha agoni hueleza fuwele ilipoa lini. Hakisemi ni nani aliyeumba moto wala kwa nini. Muumini anaweza kukijadili kipimo hicho kwa masharti yale yale ya Cooke na nguruwe wake: alete ushahidi mwingine, upimwe.

Yupo mwalimu atakayesema kwamba mambo haya ni mazito kwa watoto, kwamba ukimwambia mwanafunzi tarehe ina nyongeza na pungufu utamchanganya na mtihani utamshinda. Siafiki. Mtoto anayejua kwamba daladala itafika kati ya saa moja na saa moja na nusu anaelewa mpaka wa kosa vizuri kabisa. Kinachomchanganya ni kupewa namba tupu shuleni, kisha akaikuta nyingine kwenye simu yake, asiwe na njia ya kuamua. Tunapomficha ugomvi wa KBS tunamnyima kifaa pekee cha kutofautisha wanasayansi wanaobishana kwa ushahidi na tapeli anayejiita mwanasayansi. Vilevile tunamnyima heshima ya kwao. Jivu lililosuluhisha mjadala ule ni la Kenya na Ethiopia, fuvu liliokotwa na Mkenya, lakini kila kipimo nilichokitaja juu ya jivu hilo kilifanyika ng'ambo, kuanzia Uingereza hadi Marekani na Australia. Hili si lawama kwa waliopima. Bila wao tusingekuwa na cha kujadili. Ila lina matokeo: mwenye mwamba hubaki kupokea taarifa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yasiyogharimu maabara nzima. Wanaoandika vitabu vya shule waache kuchapa miaka milioni 1.75 kana kwamba imechongwa kwenye jiwe. Waandike imepimwa kwa njia gani, na kosa linaweza kuwa kiasi gani, na waweke kisa cha nguruwe wa Turkana kwenye ukurasa mmoja. Makumbusho ya Dar es Salaam, linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, na yale ya Nairobi, yaandike maelezo hayo hayo kwenye vibao vyao kwa Kiswahili. Na wanaotoa vibali vya utafiti wadai kwamba kila sampuli ya mwamba inayosafirishwa iache mgao wake hapa nyumbani, umewekewa lebo na kutunzwa, ili siku mtu mwingine atakapotaka kupima upya awe na cha kupima. McDougall alilazimika kutafuta jiwe povu jipya. Tusimlazimishe anayekuja kufanya hivyo tena.